Dakika ya Nne, Sekunde ya Kumi na Mbili

Mwizi anayeacha kompyuta, spika mbili na saa ya mkononi juu ya meza, akachukua kidude cheusi kisichojaza kiganja, ama ni mjinga kuliko wezi wote au si mwizi. Inspekta alilisoma jalada, akalifunga, akalifungua tena. Hamu ya kujua ilikuwa imeshamkaba, na ikimkaba hiyo hata chai haimpiti kooni.

Kituoni walimwita Bi Kwanini, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Mkuu wa kituo ndiye aliyelitupa jalada lile mezani kwake. "Diski ya kompyuta, moja," alisema. "Sajenti keshaandika 'thamani ndogo'. Kamalizie tulifunge."

"Kwa nini ndogo?"

Mkuu alishatoka. Alijua akibaki yatazuka maswali mengine kumi.

Basi Alhamisi ile, saa mbili asubuhi, Inspekta akabisha hodi nyumbani kwa mlalamikaji. Alifunguliwa na mwanamume mwembamba wa miaka arobaini na kitu, mwenye vumbi jeupe lililoganda kwenye mikunjo ya vidole. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika maabara ya daktari wa meno. Lakini jioni, alipojifungia kwenye chumba kidogo kilichopakana na jiko, alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa mtunzi wa muziki wa ala, ule usio na mwimbaji, na mtandaoni, kwenye jukwaa la watunzi wa ridhaa kama yeye, walimfahamu kwa jina la Gego.

"Hapa ndipo ilipokuwa, Afande," alisema, akionyesha waya uliolala mezani bila kitu mbele yake. "Kompyuta hii kuukuu, tumbo lake limejaa. Kila ninachotunga nakiweka kwenye diski. Miaka kumi na mmoja imo humo."

"Hukuweka nakala pengine?"

Akajikuna shingo. "Kila siku nilikuwa nasema kesho."

"Iliondoka lini?"

"Jumanne. Asubuhi natoka kwenda kazini, ipo. Jioni narudi, waya unanikodolea macho."

"Leo ni Alhamisi. Mbona sajenti anasema umempigia simu mara saba tangu jana jioni?"

Gego aligeuza kioo cha kompyuta upande wa Inspekta. Ilikuwa barua kutoka okestra ya jiji. Walikuwa wamesikiliza kazi nyingi za watunzi wa ridhaa kwenye lile jukwaa, na wamechagua moja ya kufungulia onyesho lao la mwaka. Wamechagua ya Gego. Wanaomba nota za kila ala zifike kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Zisipofika, watamchukua aliyeshika nafasi ya pili.

"Sauti ipo mtandaoni, kila mtu anaisikia," Gego akasema. "Lakini mpiga filimbi hawezi kupiga sauti. Anataka karatasi yenye nota mbele yake. Nota zimo kwenye diski. Ala kumi na nne, Afande. Miezi minne ya kazi. Nimeanza kuziandika upya kwa kusikiliza, tangu jana, nimefika sekunde ya arobaini." Akatazama vumbi la vidoleni. "Mimi natengeneza meno. Watu wanacheka na kazi yangu harusini na hakuna anayejua ni ya nani. Hii moja tu nilitaka ijulikane."

Inspekta akauliza swali alilolijia. "Unamshuku nani?"

"Nyundo," akajibu papo hapo. "Hilo ndilo jina lake huko. Ananichukia. Soma mwenyewe." Akafungua ukurasa. Chini ya utungo wake, Nyundo alikuwa ameandika Jumatatu saa kumi na mbili jioni: *1:30 mpaka 3:10 ni mafuta matupu. Nyama iko wapi? Ukishindwa kukata, futa yote uanze upya.*

"Na wengine wanasemaje?"

"Wapo wanaonitia moyo. Hasa mmoja anaitwa Sega." Uso wake ulilainika. "Miaka sita, hajakosa utungo wangu hata mmoja. Pasipo Sega ningeshaacha zamani. Ila tangu Jumatatu kanyamaza, sijui kulikoni."

Kabla ya kuondoka Inspekta alipitia jikoni kumuuliza mkewe mawili matatu. Mke alikuwa mwoka keki za oda. Mikono ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, na juu ya rafu iliyopigiliwa ukutani zilipangwa saa tatu za kuhesabia dakika, kila moja na keki yake. Alisema Jumanne alitoka saa nne kupeleka keki, akarudi saa sita. Mlango wa nyuma? Aliurudishia tu. Upande wa pili wa ukuta mumewe alikohoa, na kikohozi kilisikika kama yuko hapo jikoni.

"Mtaipata, dada?" mke akauliza, akikwangua bakuli ambalo tayari lilikuwa safi.

"Tutaona," Inspekta akasema.

Msimamizi wa jukwaa, alipopigiwa simu, alitoa namba ya Nyundo bila ubishi. Sajenti, mzee mwenye kitambi aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alitaka aje na pingu. Inspekta akamwambia pingu akae nazo.

Nyundo alipatikana juu ya paa la jengo la ghorofa tisa, kwenye chumba cha mashine ya lifti. Inspekta alitarajia jitu. Alimkuta bibi mfupi wa miaka sitini, ovaroli ya bluu, miwani imefungwa kwa uzi, anapapasa kamba za chuma mojamoja kwa kitambaa. Alikuwa mkaguzi wa lifti, na sauti yake ilikuwa ya upole kiasi kwamba ilibidi Inspekta asogee karibu.

"Jumanne? Nilikuwa ndani ya shimo la lifti ya hospitali, mwanangu, toka asubuhi mpaka saa tisa. Mafundi sita walikuwa wananishikia taa. Waulize." Akaendelea kupapasa. "Kaibiwa nini huyo kijana?"

Inspekta akamweleza. Bibi akaacha kamba, akakaa juu ya sanduku la vifaa, akavua miwani.

"Ule utungo wenye filimbi? Usiniambie umepotea."

"Wewe si ndiye uliyemwambia aufute?"

"Nilimwambia akishindwa kukata." Alitazama chini. "Ngoja nikufundishe kitu kuhusu sisi. Pale jukwaani kuna utaratibu: huweki kazi yako mpaka umetoa maoni kwa kazi mbili za wenzako. Na kila oni lazima litaje dakika na sekunde. Ukiandika 'hongera, nzuri sana' bila kutaja mahali, msimamizi anafuta. Kwa nini? Kwa sababu mtu atakuwa hajasikiliza, anatafuta tu ruhusa ya kuweka yake."

"Kwa hiyo ukali wako..."

"Ukali? Mwanangu, kazi mbovu sihangaiki nazo. Mbovu naiandikia 'sekunde ya thelathini pametulia' halafu napita zangu. Ninayoishukia ni ile inayokaribia kuwa nzuri. Lifti nisipoisema vibaya inaua mtu. Muziki hauui, lakini tabia ndiyo hiyo, nimezeeka nayo." Alivaa miwani. "Alivyonijibu Jumatatu nililala vibaya. Ulisoma alivyojibu?"

"Hakunionyesha."

Bibi alitoa simu mfukoni, akaisugua kwenye ovaroli, akamwonyesha. Saa moja usiku wa Jumatatu, Gego alikuwa ameandika: *Umenishinda, Nyundo. Kesho nikitoka kazini nafuta huu na yote ya nyuma. Meno yananitosha.*

Inspekta alisoma mara tatu. Jumatatu usiku mtu anatangaza atafuta kila kitu. Jumanne mchana, kabla hajarudi kutoka kazini, hicho kitu cha kufutwa kinatoweka. Kompyuta haikuguswa. Saa haikuguswa.

"Shikamoo," akasema ghafla, maana alikumbuka hakumwamkia bibi wa watu tangu aingie.

"Marahaba. Na huyo Sega naye mtazame," bibi akamwambia akiwa mlangoni. "Maoni sitini na moja, yote kwa Gego. Hajaweka utungo wake hata mmoja. Sisi wote tunatoa ili tupokee. Yeye anatoa tu. Siku zote najiuliza anafaidika nini."

Kituoni, Sajenti alishaipata ya kwake. "Afande, kazi imekwisha. Ni Sega. Anampenda mno huyu Gego, ana wivu, kaja kuiba kazi yake aiweke kwa jina lake. Nimeona kesi kama hizo."

"Wapi?"

"Kwenye mapishi. Dada yangu aliibiwa namna ya kukaanga samaki."

Inspekta hakumcheka. Aliweka kompyuta katikati ya meza, akachukua karatasi na kalamu, akamwambia Sajenti asome maoni moja baada ya jingine huku muziki ukienda. Walikuwa watu wanane waliotoa maoni. Muziki ukaanza, fidla zikatambaa chini chini, ngoma ikapiga mbali, na Sajenti, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusikiliza muziki usio na maneno, akafungua mdomo akasahau kuufunga.

"Soma, Sajenti."

"Ee. Huyu anasema sekunde ya ishirini ngoma imewahi." Wakasimamisha. Kweli iliwahi kidogo. "Huyu anasema 1:05 tarumbeta zinagombana." Kweli ziligombana. Mmoja mmoja waliwapitia, kila mtu na dakika yake, na kila dakika ilikuwa na jambo lake. Inspekta alianza kuupenda utaratibu huu. Laiti mashahidi wa mahakamani nao wangelazimishwa kutaja sekunde.

"Sega," Sajenti akasoma. "Jumatatu, saa nne asubuhi. *Hapa 4:12, wote wakishanyamaza na filimbi ikarudi peke yake, niliacha nilichokuwa nafanya nikasimama tu. Usibadilishe hata nukta.*"

Inspekta akausogeza muziki. Ukafika dakika ya tatu na sekunde hamsini, ukaisha. Kimya.

Sajenti aligonga kompyuta kwa kidole. "Imekwama?"

"Haijakwama. Umeisha."

"Basi kaandika namba vibaya. Filimbi si ipo pale 3:12?"

Wakarudi 3:12. Filimbi ilikuwepo, lakini chini yake fidla zote zilikuwa zinanguruma. Hakuna aliyenyamaza. Inspekta akanyanyua simu, akampigia Gego.

"Huu utungo, umewahi kuwa mrefu kuliko hivi ulivyo?"

"Umejuaje, Afande? Ulikuwa na mkia. Baada ya kila ala kunyamaza filimbi ilikuwa inarudi peke yake, nusu dakika hivi. Niliukata Jumapili, kabla tu ya kuuweka. Niliogopa Nyundo atanicheka."

"Nani aliusikia ule mkia?"

"Hakuna. Upo kwenye diski tu."

Sajenti alipiga paja. "Si nilisema! Kausikia kwenye diski! Ndiye mwizi!"

Inspekta alimwashiria anyamaze. "Na Sega alipokuandikia 4:12, hukushangaa?"

"Nilidhani kakosea namba, kamaanisha 3:12. Nikisoma maoni ya Sega huwa sihesabu, Afande. Huwa nayameza tu."

"Swali la mwisho. Ulikuwa umeamua kufuta kila kitu. Ilipotoweka, kwa nini ulikimbilia polisi?"

"Kufuta mwenyewe ni jambo moja. Kuchukuliwa ni jambo jingine. Nilipoona haipo ndipo nilipojua nisingefuta."

"Ulimwambia mtu yeyote kwamba utafuta? Mkeo, rafiki, wenzako kazini?"

"Niliandika jukwaani tu. Nyumbani siyasemi hayo. Mke wangu ana keki zake, mimi na kelele zangu. Hata okestra sijamwambia vizuri, nimemtajia juu juu."

"Na ukitunga unavaa hedifoni?"

"Zinaniuma masikio. Natumia spika."

Inspekta alikata simu, akaanza kutabasamu. Sajenti alikuwa ameshasimama, kofia kichwani.

"Kaa, Sajenti. Diski imepotea lini?"

"Jumanne."

"Na Sega kaandika lini?"

Sajenti akatazama karatasi. Akatazama tena. Kofia akaivua taratibu. "Jumatatu asubuhi. Siku moja kabla."

"Kwa hiyo hakuusikia mkia kwenye diski iliyoibwa, maana ilikuwa bado haijaibwa. Aliusikia ukitungwa. Jioni baada ya jioni, miezi minne, mpaka akaujua kwa moyo. Akautolea maoni bila hata kufungua ule uliowekwa, kwa sababu hakuona haja. Hakujua kwamba umekatwa." Alisimama. "Na Jumatatu usiku ndiye aliyesoma kwamba kesho yake vitafutwa vyote. Huyu hakuiba, Sajenti. Aliokoa."

Sajenti alikuna kipara. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

"Sina hakika kama kinamla," Inspekta akajibu, akatoka.

Ilikuwa saa tisa alasiri alipoingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Mke wa Gego alikuwa anapaka keki sukari nyeupe. Upande wa pili wa ukuta Gego alikuwa bado anapigana na nota zake: anacheza sekunde chache, anasimamisha, anaandika, anacheza tena. Kila kitu kilisikika. Inspekta hakukaa. Alisogea ukutani, karibu na rafu ya zile saa tatu, akasikiliza.

"Anajitahidi," akasema kwa sauti ya chini. "Keshafika dakika ya pili na nusu, naona."

"Mbili na arobaini," mke akamrekebisha. Halafu kisu cha kupakia sukari kikamganda mkononi.

Walitazamana. Saa moja ikalia, keki imeiva, hakuna aliyeigusa.

"Sega," Inspekta akasema.

Mke alifuta mikono kwenye aproni, mara moja, mara mbili. Kisha alipanda kistuli, akashusha kopo la sukari ya unga, akazamisha mkono mpaka chini. Diski ilitoka imefungwa kwenye mifuko miwili. Aliiweka mezani, akakaa, na machozi yakamtoka bila kelele.

"Alishafuta mara mbili huko nyuma," akasema. "Mara ya kwanza ulikuwa utungo wa sehemu tatu, dada, mzuri, we acha tu. Mtu mmoja alimwandikia 'unachosha', akafuta. Alikaa mwezi mzima hagusi kitu, anakula anakwenda kulala. Mara hii niliposoma kwamba anafuta na ya nyuma yote, nikasema hapana. Nikaficha. Nilitaka nimrudishie akishatulia."

"Halafu akaita polisi."

"Jioni ile ile! Roho ilinitoka. Na okestra ikaja juu yake. Nikimpa, ataniuliza nilijuaje kama anataka kufuta. Sikuambiwa na mtu hapa nyumbani. Nitasema nini? Nitasema mimi ndiye Sega. Na nani anaamini sifa za mke wake? Atasema miaka sita yote nilikuwa nambembeleza. Hatatunga tena hata nukta moja."

Inspekta alivuta kiti, sasa akakaa. Alikuwa amekuja na swali moja tu la kujibiwa, na limejibiwa. Hakutegemea kwamba jibu lingemkaa kifuani hivi. "Naweza kuandika kwamba imeokotwa uani," akasema. "Imepatikana, mlalamikaji kakabidhiwa, jalada limefungwa. Hakuna atakayeuliza. Kituoni kwetu hakuna anayependa kuuliza."

Mke alitega sikio ukutani. Upande wa pili filimbi iliimba sekunde tatu, ikakatwa.

"Jana alipopata barua ya okestra," akasema, "simu yangu ililia hapa juu ya unga. Mume wangu yuko hatua nne kutoka hapa, anamwandikia Sega: 'Nimechaguliwa, wewe ndiye wa kwanza kujua.' Wa kwanza kujua! Baadaye ndipo akapita hapa, akaniambia kama anayeniambia kwamba gesi imekwisha. Dada, nilimwonea wivu huyo mwanamke. Nikajionea wivu mwenyewe, umeshaona wapi?" Alisimama. "Asante kwa ule uongo wako. Lakini mimi nimechoka kuwa wa pili ndani ya nyumba yangu."

Alichukua diski akatoka. Inspekta akamfuata mpaka mlangoni, maana kutofuata kungemuua.

Gego aliiona diski kabla hajamwona mtu. Aliruka akainyakua, akaikumbatia na sukari yake yote. "Imepatikana! Afande, imepatikana wapi?"

Inspekta akamtazama mke.

"Jikoni," mke akasema. "Niliichukua mimi usije ukaifuta. Nilisoma ulichomjibu Nyundo. Mimi ndiye Sega."

Gego alimtazama mkewe, akatazama kompyuta, akarudi kwa mkewe. Akakaa polepole kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu.

"Wewe," akasema. "Yote yale ni wewe."

"Ni mimi."

"Kumbe ilikuwa huruma." Akaacha kuikumbatia diski. "Mimi nikidhani kuna mtu mmoja duniani, hanijui, simdai wema, na anapenda. Kumbe nilikuwa naonewa huruma na mke wangu kupitia ukutani." Akaiweka diski mezani, akaisukuma mbali naye. "Wachukue huyo wa pili. Situmi."

Inspekta alitazama saa yake bila kutaka. Zilibaki saa ishirini na kidogo. Ndilo hasa lile mwanamke alilolihofia, na limetokea mbele ya macho yake.

Lakini mke hakulia sasa. Alikasirika.

"Huruma? Wewe bwana, unajua keki ya harusi ya watu iliungua kwa ajili ya filimbi yako? Saa inalia, mimi nimesimama na bakuli, nasubiri uipige tena! Nilioka nyingine bure! Mtu anaunguza keki kwa huruma?"

"Umeandika mara sitini na moja," Gego akasema. "Mara zote sitini na moja nzuri. Hakuna mtu anayetunga sitini na moja nzuri. Basi ulikuwa unadanganya."

"Ndiyo, nilidanganya."

Akainua kichwa.

"Mara mbili," mke akasema. "Ule wa mvua, kwanza."

"Ule wa mvua una ubaya gani?"

"Mvua gani ile? Ilikuwa mtu anaosha masufuria. Nilitafuta dakika ya kusifu nikakosa, nikataja ile ya mwisho kwa sababu ndiyo uliyonyamazia."

Midomo ya Gego ilicheza kidogo. "Na wa pili?"

Mke alikunja mikono kifuani. "Ule ulionitungia mimi. Siku yangu ya kuzaliwa."

"Huo uliandika kwamba ulilia!"

"Nililia, si uongo. Nilijua utanipigia kila mwaka."

Kicheko kilimtoka Gego puani kwanza, kama mtu anayejizuia kanisani, kisha kikamshinda. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka akavua miwani ya kazi akajifuta macho, na haikujulikana tena ni kicheko au ni nini. Mke alisimama palepale, unga mpaka viwikoni, anangoja. Taratibu kicheko kikaisha.

"Kwa hiyo zile hamsini na tisa," akauliza.

"Hizo ni kweli," mke akasema. "Kila moja."

Gego aliivuta diski, akaichomeka kwenye waya. Kisha alinyanyua mafaili yaliyokuwa yamelundikwa juu ya kiti cha pili, akayaweka chini sakafuni, akakisogeza kiti kile karibu na chake. Mkewe akakaa, akaiweka mikono yake yenye unga mapajani ili isiguse kitu, na kwa mara ya kwanza akasikiliza akiwa ndani ya chumba.